Baina ya Alasiri na Magharibi katika Mji Mkongwe

Mtu anayetoka kuswali Alasiri katika mitaa ya Soko Muhogo, Mkunazini au Malindi, huko Unguja, hana haraka ya kwenda popote. Huvaa viatu vyake mlangoni, hupeana mkono na jirani yake, kisha miguu humpeleka pale pale alipokaa jana na juzi, yaani barazani. Ikifika saa kumi na nusu mabaraza ya mji yamekwisha kujaa. Kwenye kona maarufu iitwayo Jaws, ambapo vichochoro kadhaa hukutana, dhumna zinagongwa mezani kwa kishindo, muuza kahawa anapita na dele lake la shaba na vikombe visivyo na mkono, na kashata zinaliwa huku habari za mji zikipimwa na kupimwa tena.

Sisi tunaoishi Dar es Salaam tunazijua saa hizo kwa sura nyingine kabisa. Ndiyo saa za foleni. Wa Mbagala wamesimama kwa mguu mmoja ndani ya basi, wa Kimara wanasubiri mwendokasi, na mwenye gari lake mwenyewe anatazama taa za breki za gari la mbele kama anayesoma kitabu. Magharibi huwakuta wengi wetu njiani. Tukifika nyumbani watoto wanasinzia juu ya madaftari, na sisi wenyewe hatuna la kusema isipokuwa kuuliza kama maji yametoka.

Kilichotuvusha bahari ni swali la daktari. Mmoja katika nyumba yetu alikwenda kupimwa presha, na baada ya kuandikiwa dawa akaulizwa: ukitoka kazini, unafanya nini ukipendacho? Alikosa jibu. Akafikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, na usiku akatuuliza sisi sote swali hilo hilo, nasi tukatazamana. Hivyo shule zilipofungwa tukapanda boti, safari ya takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, tukafikia kwa jamaa zetu na kukaa siku 10. Hatukwenda kutembelea pwani za watalii. Tulitaka kuona namna watu wanavyoutumia ule muda ambao sisi unatupotea.

Muda wenyewe ni zaidi ya saa mbili na nusu hivi. Nchi za kaskazini ya mbali, siku ya kipupwe Alasiri na Magharibi hukaribiana mno, na wakati wa joto huachana kwa saa nyingi, hata Muislamu wa huko hawezi kuzoea ratiba moja. Sisi wa karibu na Ikweta, Mwenyezi Mungu ametupa jioni isiyobadilika sana mwaka mzima. Ndiyo maana, tunavyoona, watu wa pwani waliweza kuijengea jioni hiyo mahali pake maalumu, kwa mawe na chokaa. Baraza si kiti kilichotolewa nje. Ni sehemu ya nyumba, benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele, tena liko upande wa njia, kwa hiyo mwenye nyumba amejenga mahali pa kukaa mpita njia kabla hajajenga sebule yake. Mgeni hupokewa hapo bila ya wa ndani kusumbuliwa, na mwenyeji hupunga upepo bila ya kulazimika kwenda mkahawani na kutoa fedha.

Jamaa yetu mmoja alitupeleka kwenye baraza ya bao. Tuliokuwa hatujawahi kulicheza tulidhani ni mchezo wa wazee wa kupitishia wakati, na tulistaajabu kuona ulivyo mzito. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili. Kete ni 64, nazo ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa kadiri zinavyoshikwa na mikono. Mchezo unapoanza kila mmoja ana kete 10 ubaoni: sita ndani ya nyumba, ambayo ni shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani nayo. Kete 22 zinabaki mkononi, naye huziingiza moja moja, na huko ndiko kunakoitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha unaanza mtaji, na hapo ndipo watazamaji husogea karibu na sauti hupungua. Mchezaji mzuri huinua kete za shimo moja akiwa amekwisha kuona zitakapozunguka, zitakapokula na zitakapolala, ingawa safari hiyo huweza kupita nusu ya ubao na kurudi. Hakuna dadu wala bahati ndani yake. Yote ni hesabu.

Bingwa wa baraza hiyo ni mzee ambaye mtaa mzima unamwita Maalim, kwa kuwa alifundisha hisabati zaidi ya miaka 30. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila ya kuondoa macho ubaoni. Baada ya kumfunga mpinzani wake ndipo akatugeukia, akatupisha tukae, akaagiza kahawa. Alituhadithia kwamba alipostaafu, miezi ya mwanzo alikuwa akiamka asubuhi, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, na anatembea hadi lango la skuli aliyokuwa akifundisha. Akifika hapo husimama kidogo, kisha hurudi.

"Sikuwa na shughuli nyingine, wanangu," alisema. "Mke wangu alikuwa ananionea haya kunieleza kuwa namzidishia kazi mle ndani. Kutwa namuuliza chumvi imewekwa wapi."

Aliyemwokoa ni mwanafunzi wake wa zamani, fundi wa mabomba, aliyemkuta njiani akamwambia, "Maalim, njoo utufundishe bao." Maalim hakulijua bao. Alijifunza akiwa na umri wa miaka 60 na kidogo, akifungwa kila siku kwa miaka miwili na watu aliowahi kuwachapa bakora kwa kushindwa kugawanya. Alilisema hilo kwa furaha kubwa kuliko alivyotueleza habari za cheti chake cha utumishi.

Tunadhani hapo pana jambo linalostahili kuzingatiwa na kila aliye kazini leo. Katika utumishi wa umma nchini mwetu umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Siku hiyo inajulikana tangu mtu anapoajiriwa, na watu huiandalia kiwanja, nyumba na mafao. Ni wachache wanaoiandalia jioni yake. Mtu aliyekuwa mkuu wa idara hujikuta yuko sebuleni, hana anachokijua nje ya mafaili, hana mwenzake asiyekuwa wa ofisini, na nyumba yake imekwisha kuzoea kuendeshwa bila yeye. Tumewaona wa namna hiyo katika mitaa yetu, namna wanavyochakaa haraka. Maalim alibahatika kuokotwa njiani; si kila mstaafu anakutana na fundi wake wa mabomba.

Jirani na wachezaji hao alikaa mtu wa makamo, mpana wa mabega, ameshika sindano. Kutwa nzima huwa bandarini akipakua mizigo, na jioni hushona kofia. Kofia ya kiua hushonwa hivi: mapambo huchorwa kwanza juu ya kitambaa cheupe kilichowekwa kwa tabaka, kisha hutobolewa vitundu vidogo kufuata mchoro, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, mshono kwa mshono, hadi mchoro wote utokee kama ua. Kofia moja ina vitundu ambavyo hakuna mwenye subira ya kuvihesabu. Aliyokuwa nayo mkononi aliianza miezi minne nyuma, kwa ajili ya mwanawe atakayeoa.

Mmoja wetu, kwa ulimi wa Kariakoo, akamuuliza ataiuza kiasi gani akimaliza. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Akatueleza kuwa sokoni Darajani zimejaa kofia zilizoshonwa kwa mashine ng'ambo, ambazo kwa bei yake yeye hawezi kushindana nazo hata akishona usiku na mchana, na wala hana nia ya kushindana. "Kutwa nabeba vitu vya watu," alisema, "hiki cha kwangu."

Tuliondoka tukimfikiria mchukuzi huyo kuliko tulivyomfikiria daktari. Yeye anayetumia mgongo mchana, jioni anapumzisha mgongo na kuamsha vidole. Kumbe mapumziko hayapatikani kwa kulala tu. Mara nyingi hupatikana katika kazi iliyo kinyume na ile ya mchana. Kwa hesabu hiyo, karani aliyekaa kitini saa nane asitegemee kwamba kukaa tena barazani kutamchangamsha. Huyo anahitaji viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako jioni vijana hucheza mpira na watu wazima huzunguka kwa miguu kunyoosha viungo. Na yule ambaye kutwa anasema na watu, mwalimu au muuguzi au mwenye duka, huenda dawa yake ni ukimya: ndoana, bustani, kitabu. Tukitazama jioni za wengi wetu mjini tunaona kinyume chake. Aliyetazama kioo cha kompyuta kutwa hujipumzisha kwa kutazama kioo cha simu, akashangaa kwa nini anaamka amechoka.

Kuna wasomaji watakaouliza kama haya yote si upuuzi unaompotezea Muislamu wakati wake. Swali hili ni la zamani kuliko sisi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Hanzala (r.a), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w), aliingiwa na hofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume moyo wake huwa kana kwamba unaiona Pepo na Moto, lakini akirudi kwa mke, watoto na mali, mengi ya hayo humtoka. Abubakar (r.a) alikiri kuwa naye hupatwa na hali hiyo. Walipofika kwa Mtume (s.a.w) hakuwalaumu, aliwafahamisha kwamba lau wangebaki daima katika hali ile, Malaika wangepeana nao mikono njiani, na kwamba mambo huenda kwa saa na saa. Bukhari naye amepokea kisa cha Salman alipomzuia Abu Dardaa kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, akimkumbusha kuwa Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, na Mtume (s.a.w) akamsadikisha Salman. Tunawajua pia Mahabeshi waliocheza mikuki yao msikitini siku ya Idi, Mtume (s.a.w) akimkinga Bi Aisha (r.a) ili atazame, na hakuondoka mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kutazama.

Mipaka nayo inajulikana. Kamari ni haramu hata ikiwa ya soda moja, na mchezo unaompitisha mtu wakati wa sala umekwisha kuwa msiba. Wapo wanavyuoni wanaokaza zaidi katika michezo ya kete na karata, na sisi si waamuzi wao. Tulichokiona kwa macho yetu katika baraza ya Maalim ni kwamba adhana ya Magharibi ilipoanza, mtu alikuwa amenyanyua kete kumi na kitu mkononi, mtaji wa kumalizia mchezo. Akazirudisha shimoni. Hakuna aliyesema neno. Wakati wa kutawadha tulimuuliza iwapo hakuona uchungu, naye akajibu kuwa mshindani wake anajua, na yeye anajua, basi.

Tusipake mafuta kwa mgongo wa chupa, hata hivyo. Zipo baraza ambazo matusi ndiyo kitoweo chake, na wapo waume ambao bao limewaoa. Siku ya pili tulimuona mtoto wa kike wa miaka kama tisa amesimama pembeni ya meza ya dhumna, ametumwa na mama yake kuomba fedha za mafuta ya taa. Alisimama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Na hapa ndipo lilipotujia swali ambalo wenye kusifu mabaraza hulisahau: wanawake wako wapi saa hizo? Baraza zote tulizozipita zilikuwa za wanaume. Tulipata jibu la kwanza Ng'ambo, upande wa pili wa Mnazi Mmoja, katika ua wa nyumba ya shangazi yetu. Walikuwepo wanawake watano juu ya jamvi, na kila mmoja alikuwa na kazi mkononi. Mmoja anachambua mchele wa kesho, mwingine anamsuka mtoto nywele, shangazi anasuka ukili. Mazungumzo yalikuwa matamu na vicheko vingi, lakini hakuna mkono uliokuwa umetulia. Mapumziko ya wanawake hawa yameshonewa ndani ya kazi, na mtu anaweza kupita akadhani kuwa wameburudika.

Shangazi alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, na amejifunza kusuka tangu utoto. Ukindu huchumwa, huanikwa, hupasuliwa nyuzi nyembamba, nyingine hutiwa rangi. Hapo tena husukwa ukili, utepe mrefu unaozongwa kama kamba, na tepe hizo ndizo huunganishwa zikawa mkeka au msala. Alituambia kuwa kwa miaka mingi kusuka ndiko kulikokuwa starehe yake. Alikuwa akisuka anachotaka, kwa rangi anazotaka, na mikeka yake aliigawa kwa maharusi wa ukoo. Kisha akaja mtu wa oda. Mikoba kumi kwa mwezi, yote sawasawa, kwa vipimo, kwa rangi zilizochaguliwa na mtu mwingine. Fedha zilikuja na zilisaidia, alhamdulillahi, zimesomesha watoto wawili. Lakini starehe iliondoka.

"Mikono ni ile ile, ukindu ni ule ule," alisema, "ila sasa nikisuka naangalia saa."

Hatuwezi kumshauri mwanamke mwenye kusomesha watoto kwamba aache oda. Watu wanaosema kila kipaji kigeuzwe biashara, nao ni wengi siku hizi katika semina za ujasiriamali, wangefaa kumsikiliza shangazi walau mara moja. Kuna kitu kinacholipwa kwa kipaji hicho, nacho hakiandikwi katika daftari la hesabu.

Yeye mwenyewe alipata njia. Pembezoni mwa ua amepanga makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, ameotesha asumini, mawaridi na rehani. Jioni huchuma, hutunga kikuba, hukitia kwenye nywele au hukiweka mtoni pa kitanda. Majirani wamekwisha kumwambia auze vikuba. Harusi hazikosekani, na kikuba hakiozi bei. Amekataa. Mumewe naye alilitaja hilo siku moja, akajibiwa kuwa mikoba ni ya nyumba na asumini ni zake. Mwanamume yule alituhadithia jambo hilo mwenyewe, kwa namna ya mtu aliyeshindwa kesi na kuridhika na hukumu.

Lakini hata asumini zisingechumwa lau si mpango mwingine tulioupenda zaidi ya yote tuliyoyaona. Kila siku isipokuwa ya mvua, mjomba hutoka na wajukuu wote wanne baada ya Alasiri na hawarudi hadi Magharibi imeswaliwa. Hajaitwa msaidizi wa mama wala hajasifiwa na mtu. Ni zamu yake. Bi Aisha (r.a) alipoulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ulipofika wakati wa sala hutoka. Mjomba hakutaja Hadithi hiyo; alisema tu kwamba kabla ya hapo bibi yao alikuwa mkali, na sasa si mkali.

Anawapeleka Forodhani. Pale mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, vijana huja kuchupa baharini kutoka ukutani wakati maji yamejaa. Wanakimbia kutoka mbali, wanaruka, wanapinduka hewani, wanapotea majini, na wanatokea huku wanacheka. Siku za bamvua huwa ni mashindano. Siku za maji mafu wanakaa juu ya ukuta wakitafuta la kufanya. Wajukuu wawili wa kiume tayari wanachupa. Wasichana wawili hula urojo na kutazama.

Tulimuuliza mjomba kuhusu hao wawili. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa alipoteza binamu yake wa kike katika meli ya Spice Islander. Meli hiyo ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba, katika mkondo wa Nungwi, na mamia walikufa. Kisiwa kizima, watu waliozungukwa na maji, wanawake wanaoingia baharini kila bamvua kulima mwani, na wengi wao hawajui kuogelea, kwa sababu kuogelea kulihesabiwa kuwa mchezo, na mchezo ni wa wavulana. Ilhali katika Hadithi aliyoipokea An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa upuuzi, pamoja na kulenga shabaha, kumfundisha farasi na mtu kucheza na mkewe. Huko Nungwi mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, na miongoni mwa wafundishaji wapo wanawake wenyeji. Mjomba alikuwa amekwisha kuulizia. Kilichokuwa kimebaki ni kumshawishi mama wa watoto, na bibi yao ndiye aliyepewa kazi hiyo.

Tulikwenda Nungwi siku ya tisa, karibu saa moja na nusu kwa daladala. Madau yanachongwa ufukweni kwa shoka na tezo kama zamani, na kandokando ya mafundi watoto wana madau yao, vipande vya mbao vyepesi vyenye tanga la mfuko wa plastiki na mirengu miwili ya vijiti. Huviachia kwenye maji ya kina kifupi na kuvikimbilia. Binti yetu, ambaye mjini hachezi bila ya simu, alikopeshwa kimoja, akakiachia kikapinduka. Mwenye chombo, mtoto wa miaka minane hivi, alimwonyesha kuwa tanga limekaa mbele mno. Wakalirekebisha. Walibaki hapo mpaka tukamwita mara ya nne.

Yanayotishia jioni hizi yapo, na wenyeji wanayasema bila ya kuulizwa. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zinageuka hoteli moja baada ya moja. Baraza hubaki, lakini wanaokaa juu yake hawamjui mwenye nyumba. Vespa na bodaboda zinapita vichochoroni kwa kasi isiyoruhusu meza ya dhumna kuwa katikati ya njia. Na vijana, hata wanapokaa wanne baraza moja, kila mmoja ameinamia kiganja chake. Maalim hakuwalaani. Alisema tu kuwa wakati wake alikuwa akijua mchezo umekwisha kwa kuwa kete zimekwisha.

Dar es Salaam haina mabaraza ya mawe, na foleni hatuwezi kuiondoa. Tuliporudi tulikubaliana mambo mawili madogo. Anayewahi kufika nyumbani huchukua watoto nje hadi Ishaa, na aliyebaki ndani hatakiwi kuulizwa chochote. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa kuanzia. Pili, tulinunua ubao wa bao Darajani, na mfuko wa komwe, tukauweka kibarazani kwetu Temeke, ambako kuna nafasi ya watu wanne wakibanana.

Wiki ya kwanza jirani aliyetokea Lindi alipita, akasimama, akatuambia kuwa tumeupanga ubao kinyume. Tukabishana. Binti yetu akaingia ndani kuleta daftari aliloandikiwa na Maalim, na huku nyuma jirani akavua viatu, akaketi, akaanza kuhesabu kete zake 22.